Viti "vya Wabelgiji" vinavyouzwa Gisenyi: Mzungu aliketi, fundi wetu ndiye aliyeviunda

UKITOKA mpakani, ukauacha mji wa Gisenyi nyuma yako na kushika barabara ya kwenda Musanze na Kigali, haichukui muda kabla hujaingia Rugerero. Hapa utasikia randa na msumeno kabla hujaziona karakana zenyewe. Vitanda visivyopakwa vanishi vimeegemezwa ukutani, milango ya libuyu inamsubiri mwenyewe, na mara mojamoja, katikati ya vitu vipya, utakuta kiti kikuukuu chenye mikono mipana. Bei yake ikitajwa, mnunuzi hucheka akidhani anataniwa.

Ukiuliza kwa nini kiti cha zamani kiuzwe ghali kuliko kipya, jibu huwa fupi: hiki ni cha Wabelgiji.

Jibu hilo ndilo lililonisukuma kuandika makala haya. Kwa sisi tuliorejea nchini na kuanza kujaza nyumba zisizo hata na kigoda, na kwa akina mama na vijana wanaovuka Petite Barrière kila siku wakitafuta kitu cha kununua huku na kukiuza kule, maneno hayo mawili yana fedha ndani yake. Yanaweza kumpa mtu faida ya mwezi mzima, na yanaweza kumtia hasara ya mwaka. Kwa hiyo ni vizuri tujue yana maana gani. Kiti hicho kiliundwa na nani, kwa mti upi, na kilifikaje kando ya barabara ya Rugerero?

Tuanze mbali kidogo. Zaidi ya nusu ya Wabelgiji ni Waflemi, watu ambao lugha yao ni Kiholanzi, na samani za nyumba zao ni ndugu wa samani za Waholanzi. Waholanzi waliwatangulia Wabelgiji kwa karne nyingi katika kujenga nyumba ugenini. Kampuni yao ya biashara ya Mashariki iliundwa mwaka 1602. Ilijikita Batavia, mji ambao leo ni Jakarta, na mwaka 1652 ikaweka kituo huko Rasi ya Tumaini Jema, tena ikashika Galle na Colombo katika kisiwa cha Ceylon.

Kote walikofika yalitokea mambo yaleyale. Mzungu alitaka kabati na kiti kama vya kwao, lakini mwaloni wa kwao ulikuwa mbali na joto la huku lilipasua mbao. Akampa fundi wa huko mchoro, naye fundi akaunda kwa mti alioujua na kwa mkono wake mwenyewe. Ceylon na Batavia ndiko kulikoenea kile kiti cha mviringo kinachoitwa kiti cha meya: miguu sita, egemeo la nusu duara, na kikalio cha henzerani iliyosukwa ili hewa ipite. Kule Rasi, mafundi, wengi wao watumwa waliotolewa Asia, Madagaska na pwani ya Afrika Mashariki, waliunda makabati kwa miti ya msitu wa huko na kusuka vikalio kwa kanda za ngozi. Leo makumbusho huviita viti hivyo vya Kiholanzi.

Wabelgiji walipoitwaa Rwanda kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916, hadithi ilikuwa ileile, ila umbali ulikuwa mkubwa zaidi. Msomaji afikirie kabati la mwaloni kutoka Mechelen, mji wa Waflemi uliosifika kwa samani nzito zenye nguzo zilizosokotwa na vichwa vya simba. Lipakiwe melini Antwerp na lishushwe Dar es Salaam, ambako tangu mwaka 1921 Wabelgiji walikuwa na gati lao lililoitwa Belbase. Lipande treni hadi Kigoma, walikokuwa na gati la pili, livushwe Ziwa Tanganyika hadi Usumbura, kisha lipande milima hadi ufuko wa Kivu, mita zipatazo 1,460 juu ya usawa wa bahari. Gavana angeweza kulipia gharama hiyo, lakini si karani wala mkulima wa pareto.

Ndiyo maana sehemu kubwa ya samani za kawaida zilizokuwa katika nyumba za Wazungu huku hazikuvuka bahari. Ziliundwa hapahapa, katika karakana za misheni, za serikali na za mashamba makubwa. Misheni ya Nyundo, jirani kabisa na Rugerero, ilianzishwa mwaka 1901 na Mapadre Weupe, na kama misheni nyingine za wakati huo haikuweza kungoja milango, madawati na vitanda kutoka Ulaya. Ilibidi vijana wa vijijini wafundishwe kushika patasi. Vijana hao wakawa wazee, nao wakafundisha wengine.

<b>Mitindo mitatu, na ule mmoja ulioenea</b>

Anayetaka kuvitambua vitu hivi ajue kwamba "cha Wabelgiji" si mtindo mmoja. Kuna ule wa Kiflemi wa zamani, mzito, wenye nakshi, uliopendwa na mapadre na maofisa wakubwa. Huo ni adimu, na ukiambiwa unauzwa kando ya barabara, shuku kwanza.

Wa pili ni wa miaka ya 1930: mistari iliyonyooka, pembe zilizoviringwa, kabati la nguo lenye kioo katikati na uso wa ubao mwembamba uliogundishwa juu ya mwingine. Anayetaka kuona nyumba ya enzi hizo aende Nyanza, katika makumbusho ya Rukari, yenye jumba la Mwami Mutara Rudahigwa aliyetawala kuanzia mwaka 1931 hadi 1959. Pembeni yake imejengwa upya nyumba ya jadi ya kifalme ya nyasi, na ukitoka katika moja ukaingia katika nyingine unaelewa jambo ambalo kitabu kingelieleza kwa taabu. Katika nyumba ya jadi kitanda ni sehemu ya nyumba, mapazia ya matete hugawa vyumba, na kinachohama ni kigoda, mkeka na vikapu. Katika jumba la pili kila kitu kina miguu yake na kinaweza kubebwa na kutolewa nje. Samani zinazohama, nadhani, ndizo ugeni mkubwa ulioletwa na Wazungu ndani ya nyumba zetu, na huko kuhama ndiko kulikozisambaza hadi mitaani, kama nitakavyoeleza.

Mtindo wa tatu ni wa miaka ya 1950, hasa baada ya Maonyesho ya Dunia ya Brussels ya mwaka 1958: miguu myembamba iliyotanuka kwa nje, meza za juu laini zisizo na nakshi hata moja. Wengi huziona za juzi, kumbe zina zaidi ya miaka 60.

Lakini kitu kilichoenea kuliko vyote ni kile kiti cha barazani, fotei kama wengi wanavyokiita. Hakina jina la mbunifu. Kina fremu ya mbao nene, egemeo lililolala nyuma kidogo, mito miwili inayotolewa na kufuliwa, na mikono mipana ya kutosha kuwekea bilauri. Kiliundwa kwa ajili ya jioni za ziwani, na ukikikalia unajua kwamba aliyekiunda alipima mgongo wa mtu, hakupima picha. Huu ndio uzuri wake, na kwa maoni yangu ndicho kiti bora kilichowahi kuundwa katika mkoa huu.

<b>Siri iko katika viungo</b>

Nilitumia asubuhi nzima katika karakana moja ya Rugerero nikimtazama mzee fundi akikibomoa kiti cha aina hiyo ili akitengeneze. Hapakuwa na msumari. Kila kipande kilikuwa na ulimi uliochongwa na kuingia katika tundu la kipande cha pili, kisha kigingi cha mti kikapigwa kupita katikati. Kigingi kiling'olewa, kiungo kikaachana kikiwa kizima, tayari kurudishwa. Mzee alinieleza kwamba alijifunza viungo hivyo kwa baba yake, na baba yake katika karakana ya misheni, na kwamba leo mteja hataki kuvilipia kwa sababu havionekani.

Hapo ndipo tofauti ya bei ilipo. Sofa nyingi mpya zimeshikwa kwa misumari na pini za bunduki ndani ya mbao mbichi za inturusu, na juu yake sponji na kitambaa cha kung'aa. Mbao mbichi ikikauka inajikunja, msumari unalegea, na baada ya miaka miwili sofa inalia kila mtu akikaa. Mafundi wa zamani wa Ulaya walikuwa na kanuni: ubao unene wa sentimita mbili na nusu ukauke mwaka mmoja kivulini. Nani leo mwenye mtaji wa kukalia mbao mwaka mzima?

Tena kuna suala la mti wenyewe. Vitu vingi vya zamani viliundwa kwa miti ya asili, kama umusave, au umuyove wa misitu ya milimani. Msitu wa Gishwati, uliokuwa karibu nasi hapa, ulikuwa na hekta zipatazo 28,000 katika miaka ya 1970. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimebaki kama hekta 600. Ufugaji wa mradi ulikata, kilimo kikakata, na baada ya mwaka 1994 sisi warejea na ndugu waliopoteza makwao tukapewa au tukajitwalia sehemu yake, kwa kuwa watu walihitaji pa kuishi. Kilichobaki sasa kinalindwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Gishwati-Mukura, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015. Mbao ngumu tunazozitumia leo, libuyu na muvula, hutoka misitu ya Congo, na bei yake hupanda na kushuka kwa kufuata hali ya barabara na ya vita kule. Kwa hiyo anayetupa kiti cha umuyove kwa sababu kimevunjika mguu anatupa mti ambao hatauona tena dukani.

<b>Jinsi ya kukipima kabla ya kutoa fedha</b>

Kuna mrejea mmoja ninayemfahamu aliyelipa fedha nyingi kwa kabati la "Wabelgiji" kutoka kwa mchuuzi, akaligundua nyumbani kwamba lilikuwa na miaka mitatu na rangi ya viatu juu yake. Yasimkute mwingine.

Usianze kwa kutazama mbele. Pindua kiti, chungulia chini, vuta mtoto wa meza hadi mwisho na utazame nyuma yake, kwa sababu mdanganyifu hupamba uso na kusahau tumbo. Pitisha vidole mahali pasipoonekana. Randa ya mkono huacha mawimbi madogo, mashine huacha usawa mtupu au mikwaruzo inayofuatana kwa vipimo. Tazama vigingi: mti hunywea kwa miaka, hivyo kigingi cha zamani hakibaki duara kamili, na mara nyingi huchomoza kidogo. Parafujo za kichwa cha msalaba hazikuwa za kawaida katika samani za zamani za huku. Ukiziona, uliza kama ni za matengenezo, kwa sababu huenda kiti ni cha kweli ila kilipata daktari. Pembe za droo ziwe zimeshikana kwa meno yaliyopanuka nchani kama mkia wa ndege, si kwa misumari.

Kama kikalio kilikuwa cha henzerani utakuta vitundu vidogo vimezunguka fremu yote, hata kama leo kimefunikwa kwa ubao. Vitundu hivyo ni ushahidi mzuri kuliko maneno ya muuzaji. Na unga mwembamba ukianguka ukikitikisa, dumuzi bado wamo. Usikiingize nyumbani kabla hakijatibiwa, hata kiwe cha mfalme.

Ziko sababu za kibiashara pia za kulitazama jambo hili upya. Tangu tarehe 1 Julai 2022, Jumuiya ya Afrika Mashariki iliweka ushuru wa pamoja wa asilimia 35 kwa samani zinazotoka nje ya Jumuiya, ingawa nchi mwanachama huweza kuomba nafuu kwa mwaka. Congo nayo iliingia katika Jumuiya mwaka huohuo wa 2022. Kwa maneno mengine, fundi wa Rugerero anayeweza kuunda fotei yenye viungo halisi ana kinga dhidi ya sofa ya melini, na ana mnunuzi ng'ambo ya mpaka, siku ambazo mpaka unapitika.

Wenyeji wa Rugerero walipata kipimo kingine ambacho hakuna aliyekitaka. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mto Sebeya ulivunja kingo. Zaidi ya watu 130 walipoteza maisha katika mikoa iliyopigwa na mvua ile, na Rubavu ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizoumia zaidi. Ni aibu kuzungumzia makabati mbele ya misiba kama hiyo. Lakini siku zilizofuata, watu walipoanza kutoa matope majumbani, niliona kando ya njia marundo ya kabati mpya za vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi, zimevimba na kumeguka kama mkate uliolowa. Meza za mbao kamili zilioshwa, zikaanikwa, zikarudi ndani. Familia iliyopoteza kila kitu inapoanza upya, meza moja iliyobaki si jambo dogo.

<b>Ni cha nani?</b>

Limebaki swali ambalo wachuuzi hawapendi kuulizwa. Samani hizi zilitokaje katika nyumba za ufukweni na za mashamba?

Zilitoka kwa mawimbi. Wazungu wengi waliikimbia Congo mwaka 1960 na kuacha nyumba na vyote vilivyomo. Novemba 1973 Mobutu aliyatwaa mashamba na biashara za wageni na kuwagawia watu wake, na mengi ya mashamba hayo ya Kivu yaliuzwa kipande kwa kipande. Uporaji wa askari wa Zaire wa mwaka 1991 na 1993 ukamwaga vingine sokoni. Kisha ukaja Julai 1994, ambapo jeshi na serikali iliyofanya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ilikimbilia Goma kupitia hapa, na magari yaliyojaa milango, vitanda na viti vya watu, wakiwamo waliouawa. Hata nyumba ya Mugongo ya bibi Rosamond Carr, Mmarekani aliyehamia huko mwaka 1955 kulima pareto na maua, ilikutwa imeporwa aliporudi mwaka huo. Katika shamba hilo ndiko alikoanzishia makao ya yatima ya Imbabazi, naye alifariki mwaka 2006.

Kuhusu nyumba palikuwa na mwongozo. Itifaki ya wakimbizi iliyotiwa saini Arusha Juni 1993 ilipendekeza kwamba aliyeondoka zaidi ya miaka 10 asidai mali iliyokwisha kukaliwa na mwingine. Waliorudi Novemba 1996 kutoka kambi za Congo, mamia ya maelfu kwa siku chache, walikuwa na haki ya nyumba zao. Lakini hakuna aliyeandika itifaki ya meza na makabati. Hayo watu waliyamaliza wenyewe, uso kwa uso, au hawakuyamaliza.

Yupo mzee mmoja wa hapa Rugerero, marehemu baba yake alikuwa seremala. Alirudi mwaka 1996 akakuta nyumba ipo, meza haipo. Mnamo mwaka 2004 alikaa kula katika kihoteli kimoja cha Goma, mkono wake ukagusa chini ya meza, akainama kutazama. Mama mwenye kihoteli alimweleza kwa upole kwamba yeye aliinunua kwa fedha yake, na mzee hakubisha, kwa sababu ilikuwa kweli. Wakazungumza mara tatu. Mwishowe mzee alimpelekea meza mpya ya libuyu iliyoundwa Rugerero, akachukua ile ya zamani, akaipakia juu ya baiskeli ya miguu mitatu ya mmoja wa ndugu zetu walemavu wanaovusha mizigo mpakani.

Alipofika kizuizini aliulizwa ni bidhaa gani na ina thamani gani. Mzee aliigeuza miguu juu, akaonyesha vipimo alivyoviandika baba yake kwa penseli chini ya ubao, bado vinasomeka.